Punje za Vero

Kila ninaporudi mjini kutoka nyumbani Maretadu, nakuta punje ya maharage kwenye vitu vyangu. Safari iliyopita ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Kabla ya hapo niliikuta ndani ya soksi, na mpaka leo sijui ilifikaje huko. Dada ninayepanga naye chumba aliwahi kuniuliza kama nimeanza mambo ya waganga. Nilicheka tu, maana kumweleza kungechukua jioni nzima na alikuwa na ubuyu wake wa kumalizia. Leo nachambua maharage ya kupika kesho, yale mekundu yenye madoadoa, na vumbi lake limenipanda puani, lile lenye harufu ya maganda makavu na udongo na moshi kidogo. Nimeshtuka nimekunja ngumi ya mkono wa kulia bila kujua. Basi acha nieleze.

Ninyi wa rika langu mliokulia milimani kule mnakumbuka tulivyolelewa. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo, unaitwa, unarudi, unaanza upya. Kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, kosa. Kumkazia mkubwa macho anapokusema, kosa. Kunyamaza anapouliza, kosa, na kujibu haraka mno, kosa pia. Kwetu mwenye sheria hizo alikuwa Bibi, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya zizi, hatua chache kutoka yetu. Hakuwa mkali wa kupiga. Alikuwa mkali wa kusubiri. Unamwamkia huku unakimbia, anakaa kimya anakutazama, mpaka unarudi mwenyewe, unasimama vizuri, unasema "Shikamoo Bibi." Ndipo anakupa "marahaba" yake taratibu, kama mtu anayekukabidhi kitu kinachovunjika. Nilimwogopa na nilimpenda, na mpaka leo sijaweza kutenganisha hayo mawili.

Sasa mdogo wangu Vero hakuwa akimwamkia mtu. Hakuwa akisema neno lolote. Alikuwa na miaka mitano na mimi minane. Siku hizi kuna neno usonji, watu wanalisikia redioni na kwenye simu. Wakati ule kwetu kulikuwa na maelezo mawili tu: ama mtoto amerogwa, ama mama yake hakumfundisha. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, la kurogwa hakutaka hata kulisikia. Likabaki la Mama. Tukitoka ibadani, watoto wote wanapanga mstari kuwaamkia wazee, na Vero anazunguka nguzo ya kengele huku anavuma kama nyuki. Mama alikuwa akitazama chini muda wote mpaka tunafika njia ya nyumbani. Mimi nilikuwa naamkia mara mbili mbili, kwa niaba ya wote wawili, nikidhani labda kwa wingi wa watu hakuna atakayegundua.

Alichopenda Vero ni sauti. Ukimwita jina lake hageuki, lakini Bibi, kabla mikono haijamshinda, akianza kupepeta maharage ule upande wa pili, Vero anaacha hata uji. Anakwenda, anakaa nyuma ya Bibi, anasikiliza ungo. Siku moja alifuata sauti ya mashine ya kusaga, peke yake, akavuka barabara ya malori. Alipatikana ameegemea ukuta wa mashine, amefumba macho, unga umemjaa nywele. Baba alimbeba mgongoni kurudi. Nafikiri ndipo alipoanza kuogopa.

Dada Zuhura alianza kuja msimu wa palizi. Alikuwa mtumishi wa hospitali, mwenyeji wa Tanga aliyepangiwa kazi huku kwetu, na kila Alhamisi aliletwa na pikipiki mpaka kwenye kona, halafu anamalizia kwa miguu kwenye tope. Alivaa buti za mvua, sweta mbili, na kofia ya sufu juu ya mtandio.

"Dada Zuhura, hii siyo baridi bado," Mama alimwambia.

"Mama, nyie mnaishi ndani ya friji," alijibu, na Mama akacheka. Mama hakuwa mtu wa kucheka siku zile, ndiyo maana nimekumbuka.

Siku ya kwanza alimwamkia Bibi kwa adabu zote, akavua buti, akaingia chumba cha stoo alipokuwa Vero, akaketi chini. Basi. Vero alikuwa anachota maharage kwa kopo la bati na kuyamwaga kwenye ungo, anachota, anamwaga, sikio karibu kabisa. Dada Zuhura hakumwita, hakumshika. Alitafuta kopo lingine, akaanza naye kuchota na kumwaga. Vero akivuma, naye anavuma. Vero akisimama, naye anasimama. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona aibu kwa niaba yake, mtu mzima mwenye mshahara wa serikali.

Bibi alikuja akasimama mlangoni na mkongojo wake. "Huyu ndiye daktari?"

"Ndiye, Mama," Mama alimjibu.

"Mbona anacheza?"

"Amesema ndiyo kazi yake."

"Kazi," alisema Bibi, akageuka akaenda zake.

Ila mimi niliona kitu ambacho Bibi hakukiona. Kabla ya kuondoka, Dada Zuhura alitoa daftari kwenye begi akaandika. Kila Alhamisi aliandika. Mimi nilikuwa darasa la pili, na nilijua vizuri mtu mzima anapokutazama halafu akaandika maana yake ni nini. Ni alama. Nikajua huu ni mtihani, na kwamba kucheza ni ujanja tu wa kumtega mtoto asijue anapimwa.

Haikupita muda nikasikia kilichokuwa kinapimwa. Nilikuwa napeleka kuni jikoni, Baba yumo ndani na Mama. Alikuwa ameshika karatasi.

"Nimepata nafasi kwenye kile kituo," alisema. "Wanapokea watoto kama yeye. Analala huko huko."

"Huko ni siku nzima kwa basi," Mama alisema. "Ana miaka mitano."

"Na akivuka tena barabara? Nani atakuwa anamwangalia wakati wote tuko shambani? Na mama yangu amechoka, kila siku mjukuu anampita kama anapita jiwe."

"Dada Zuhura alisema tumpe muda."

"Muda ni mpaka tuvune maharage. Aandike ripoti yake, tuone kama kuna kilichobadilika. Kama hakuna, nampeleka."

Nilishusha zile kuni polepole zisipige kelele. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Ripoti ni ripoti, tulikuwa tunaletewa shuleni. Mtihani ni wa kuamkia, kwa kuwa ndiyo kitu pekee Bibi alichowahi kumdai Vero. Akifaulu anabaki. Akifeli anapelekwa mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwamba hali ugali uliogusana na mboga. Na mtoto huyu alikuwa hajasoma kabisa! Mwalimu wake alikuwa anamchezea tu makopo. Nikaamua kumfundisha mwenyewe.

Naandika haya nikiwa na aibu. Nilimchukua nyuma ya stoo kila jioni nikitoka shule, nikiwa na kijiti, kwa sababu walimu niliowajua mimi walikuwa na kijiti. Nilimshika kidevu. "Sema shi." Anavuma. "Sema shi!" Nilimpa kipande cha muwa, nikamnyang'anya, nikasema utapata ukisema. Siku ya pili nilimfungia lile kopo lake kwenye debe. Siku ya tatu nilimbana mikono yote miwili anitazame usoni, na yeye akaanza kujiuma kifundo cha mkono, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu Dada Zuhura aanze kuja. Alijiuma mpaka alama za meno zikabaki. Nilitaka kulia nikasema hapana, mitihani ndivyo ilivyo. Sikumpiga. Lakini sitajisifu kwa hilo, kijiti alikuwa anakiona.

Alhamisi ilipofika, Vero hakutoka. Alijipenyeza katikati ya magunia ya mahindi, akageukia ukuta, mkono mdomoni. Dada Zuhura aliingia, akatazama, akaketi mbali kidogo, naye akageukia ukuta. Walikaa hivyo muda wote, mmoja kule na mwingine huku, bila kopo, bila sauti. Nilikuwa mlangoni. Ilipofika saa yake ya kuondoka alitoa daftari, na nilipoliona tu nikaangua kilio.

"Usiandike," nilimwambia. "Siyo yeye, ni mimi. Nilikuwa namfundisha shikamoo asifeli."

Dada Zuhura hakuelewa mara moja. Alinitoa nje, tukaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaniuliza taratibu mpaka yote yakatoka: karatasi, kituo, ripoti, kijiti. Halafu akanipa daftari.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Haya, nisomee alama zake."

Nilifungua nikaanza kutafuta namba. Hakukuwa na namba. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari mmoja tu: *Leo amecheka.* Mwingine: *Anapenda yaanguke kutoka juu, siyo karibu.* Mwingine: *Nimeficha punje kwenye ngumi. Amefungua kidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo. Amenirudishia punje, akanifunga mkono mwenyewe. Akanitazama!* Na chini ya ukurasa wa wiki iliyopita, kwa mwandiko uleule: *Ana dada. Kila siku yuko dirishani. Hakuna aliyemkaribisha kucheza.*

Nilisoma mstari ule mara tatu. Ilikuwa ajabu kuona kwamba muda wote niliokuwa namchungulia, na mimi nilikuwa naonekana.

"Kwani wewe hujui kucheza?" aliniuliza.

"Najua. Ila siyo na yeye. Yeye hachezi na mtu."

"Umewahi kucheza mchezo wake, au huwa unataka acheze wako?"

Akaniambia nirudishe kopo, nivunje kijiti, na nisimwombe msamaha kwa maneno, kwa kuwa Vero maneno hayana kazi naye bado. "Kaa karibu naye. Kunja ngumi, weka punje ndani, subiri. Asipokuja, umekaa naye tu, si hasara."

Kusubiri nilikuwa nimekuona kwa Bibi, sikujua kama na mimi naweza. Siku ya kwanza Vero alihama chumba aliponiona. Siku ya pili hakuhama. Nilikaa na ngumi mbele mpaka mkono ukafa ganzi, na kuku akaja kunidonoa vidole akifikiri nimemletea kitu. Zikapita siku, nimeacha kuzihesabu. Nilianza kusikia alichokuwa anasikia: punje zikianguka kutoka juu zinapiga kama mvua inapoanza kwenye bati, zikianguka kutoka karibu zinanong'ona. Siwezi kudai nilimwelewa. Nilianza kuuona ule mchezo, kwamba ulikuwa mzuri, na kwamba alikuwa anaucheza peke yake miaka yote kwa sababu sisi tulikuwa tumesimama nje tunamwambia aje.

Halafu mchana mmoja wa ukungu, sina habari, nimetazama pengine, nikahisi kidole kidogo cha mkono wangu kinainuliwa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akakifungua, akafungua kinachofuata, mpaka cha mwisho. Akaichukua punje, akaitazama kama anahakikisha ni yenyewe, akairudisha, akanifunga mkono. Kisha akaninyanyulia macho. Yalikuwa meusi sana, na yalikuwa yananiuliza kitu. Nilikuwa na furaha mpaka naogopa kupumua. Nikafungua, nikafunga. Akacheka. Sauti ile nilikuwa naifahamu kutoka dirishani, ila siku hiyo ilikuwa yangu.

Maharage yakakauka, tukang'oa, yakaletwa uwanjani. Siku ya kuyapiga walikuja ndugu na majirani, turubai likatandikwa, wanaume na vijana wakapiga kwa fimbo mpaka vumbi likafunika zizi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya turubai. Mwaka ule hakuwa anapepeta tena, viungo vilikuwa vimemshinda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole vimeingia ndani ya kiganja, na haukunyooka hata kwa dawa za kuchua. Alikuwa ameuweka juu ya goti, anawaelekeza wengine wanavyokosea.

Haikuwa Alhamisi, lakini Dada Zuhura alikuja kwa ajili ya ripoti. Baba alitoka kwenye kupiga, akajifuta jasho, akavaa koti lake lililokuwa limetundikwa kwenye ua. Mfukoni niliona ile karatasi.

"Haya, Dada," alisema. "Ameshajua kumwamkia mtu?"

"Hajajua," alisema Dada Zuhura. "Na sijamfundisha, Baba. Nisikudanganye."

Watu waliokuwa karibu waliacha kupiga. Mama alikuwa na beseni kichwani, akalishusha.

"Sasa miezi yote hii mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunafahamiana. Anamtafuta dada yake sasa. Akiumia anamwendea mama yake, zamani alikuwa anajificha. Njia ya mashine tumeitembea naye pamoja, tukifika barabara anasimama, anashika mkono. Hayo ndiyo niliyoyaandika. Yanaendelea, lakini yanahitaji watu wake."

Baba alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akaingiza mkono mfukoni. Nilikuwa mtoto wa miaka minane mbele ya watu wazima, nikaokota punje nikakunja ngumi.

Hakuna aliyekuwa anamtazama Vero. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa turubai, anachagua. Aliokota punje moja, akaitupa, akaokota nyingine. Akasimama. Alinipita mimi, ngumi yangu nilikuwa nimeshaikunja. Akampita Mama, akampita Dada Zuhura. Akasimama mbele ya kigoda cha Bibi, akautazama ule mkono uliojikunja juu ya goti.

Ndipo nilipoelewa. Kwa Vero, Bibi alikuwa amekaa na ngumi iliyofungwa mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuifungua.

Aliinua kidole kidogo. Niliona uso wa Bibi ukikaza, kwa sababu vidole vile vilikuwa vinauma hata kwa kuguswa na maji. Mama alisogea kumzuia. Bibi akamtazama Mama, Mama akasimama. Vero alifungua kidole cha pili, taratibu, taratibu kuliko alivyowahi kunifanyia mimi, kana kwamba alikuwa amesikia maumivu ndani yake. Cha tatu. Cha nne hakikunyooka, akakiacha kilipofikia. Aliweka punje kwenye kiganja. Akavirudisha vidole kimoja kimoja, akafunika ngumi ile kwa mikono yake miwili. Halafu akanyanyua macho, akamtazama Bibi usoni, akasubiri.

Alisubiri kama Bibi mwenyewe anavyosubiri. Fimbo zote zilikuwa zimenyamaza.

"Marahaba," alisema Bibi. "Marahaba, mjukuu wangu."

Vero akavuma, akaenda zake kwenye maharage.

"Mama, unasemaje?" Baba aliuliza. Nafikiri kweli hakuelewa.

"Nimeamkiwa," Bibi alimjibu. "Kwani hujaona?" Akanyoosha mkono wa kushoto, Bibi yule yule wa sheria. "Nipe hiyo karatasi nifungie mbegu."

Baba alimpa. Ilifungiwa mbegu, na mbegu zile tulizipanda mwaka uliofuata, Vero akiwa nyuma yangu anafukia mashimo. Mpaka leo yuko pale nyumbani, ana kuku wake, ana maneno yake machache ambayo anayatumia akiona kuna haja. Shikamoo si mojawapo. Pale Maretadu anapita na punje zake, na wazee wanafungua mikono, wanasema marahaba.

Lakini siku ile, watu waliporudi kwenye fimbo zao, Baba hakurudi. Alitembea mpaka ukingoni mwa turubai alipokuwa Vero, akachuchumaa na koti lake la maana kwenye vumbi lote lile, akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaiweka mbele. Vero hakumwangalia. Baba hakumwita. Jua lilihama kutoka kwenye zizi mpaka kwenye paa la stoo, naye yuko palepale. Mama alipompelekea chai, aliipokea kwa mkono wa kushoto.